Mzinga Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 6 Januari

Boga jingine limeanguka. Ukubwa wa kidole gumba, limegeuka manjano, limelala chini ya jani. Maua tele, majani tele, mashina yametambaa hadi ukuta wa jirani — boga la kupika hata moja hakuna! Nimekuwa mkulima wa majani.

Asubuhi nilinaswa. Nilikuwa nimechuchumaa bustanini na brashi ya poda ya mke wangu, nachota chavua kwenye ua dume napaka kwenye ua jike, kama nilivyosoma kitabuni. Nikasikia viatu nyuma yangu. Brashi yangu inafanya nini huko? Nikamwambia nafungisha ndoa. Hakucheka. Aliichukua akaiosha kwa dawa ile ya hospitali, mara mbili. Muuguzi ni muuguzi hata akiwa na kanga.

Mtaani kila mtu anamwita Sista, kama wodini. Mimi pia. Nikimwita mke wangu anaendelea na shughuli zake. Nikimwita Sista anageuka.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Nimefundisha watu kuendesha gari karibu maisha yangu yote. Watu wazima, wengine wakubwa wa ofisi, walikuwa wakitetemeka nikikohoa tu. Sasa nimestaafu. Nakohoa, paka anapiga miayo.

Jumatano, 8 Januari

Bwana shamba amepita. Kayatazama maboga, katikisa kichwa. Mzee, kasema, mbolea si tatizo, maji si tatizo. Hapa bwana harusi yupo, bibi harusi yupo, mshenga ndiye hayupo.

Mshenga ni nyuki! Mtaa mzima tumemwaga saruji, washenga wamehama. Dawa ni kutundika mzinga, wahamie wenyewe.

Sista alisikia akiwa anafunga kamba za viatu. Hapana. Nikasema maboga. Hapana. Nikasema asali. Kamba moja ikasimama. Basi akatoa masharti: mwisho kabisa wa bustani, mlango wa mzinga uangalie ukuta, na siku mtu wa nyumba hii akilazwa kwa ajili ya nyuki, mzinga unatoka kabla mgonjwa hajapata kitanda. Na vyombo vya jioni vinakuwa kazi yangu.

Nimekubali yote. Nusu saa baadaye ndipo nimejiuliza vyombo vinahusiana vipi na nyuki.

Jumamosi, 18 Januari

Seremala kaleta mzinga. Sanduku zuri la mbao, kifuniko cha bati, fremu zimepangwa ndani. Nimeusimamisha juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la oili chafu ili siafu wasipande. Ndani nimepaka nta. Sasa tunangoja. Nyuki hanunuliwi, anakaribishwa.

Fundi cherehani wa nyumba ya pili amenishonea vazi: koti langu la mvua, kofia pana, na chandarua kuzunguka uso. Nimejipima mbele ya kioo chake. Nafanana na bibi harusi aliyenyeshewa. Amecheka hadi kameza uzi. Mtaa wote utajua kabla ya jua kuzama.

Jumanne, 21 Januari

Hakuna. Mjusi kaingia, kazunguka, katoka. Hata yeye hakuipenda nyumba.

Ijumaa, 31 Januari

WAMEKUJA!

Nilikuwa nameza chai. Mlio kutoka juu, kama pikipiki nyingi kwa mbali. Nikatoka nje — wingu linakuja, linajikunja, linashuka bustanini kwangu. Nikakimbilia ndani nikafunga mlango na komeo. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyewaalika.

Nimewatazama kwa dirisha la jiko. Wameingia wote kwa ule mlango mdogo bila kusukumana. Bila kusukumana! Nimepoteza sauti miaka na miaka nikiwaeleza binadamu jinsi ya kupishana kwenye mzunguko.

Nikampigia Sista wodini. Wamekuja, nikasema. Nani? Wote! Halafu akauliza watalala wapi na kama nimewapa chochote cha kula. Alidhani ni ndugu zangu.

Jumapili, 9 Februari

Ninapeleka kiti bustanini kila asubuhi. Wenye mzigo wanatua chini kidogo ya mlango, wanapanda kwa miguu. Wanaotoka wanaruka kwa juu. Njia mbili, hakuna taa, hakuna trafiki, hakuna anayepiga honi. Mlangoni kuna walinzi wanaonusa kila anayeingia. Nimewapenda. Naona tabu kuandika hivyo kuhusu wadudu, lakini nimewapenda.

Nimeumwa. Kosa langu, nilisimama katikati ya barabara yao. Sikioni! Sista kautoa mwiba kwa ukucha, kalitazama sikio linavyojaa, kasema hongera, boga la kwanza hilo.

Baada ya chakula nikamsomea habari za madume. Hawana mwiba, hawatafuti chakula, hawafagii. Kazi yao kula na kumngoja malkia. Njaa ikiingia, wanawake wa mzingani huwabeba mmoja mmoja na kuwatupa nje. Sista kanitazama kuanzia kichwani, kashuka polepole hadi kwenye ndara.

Nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Maboga! Yameshika! Shina la kwanza manne, la pili sijahesabu kwa kuogopa kijicho changu mwenyewe. Na matango ya fundi cherehani, ng'ambo ya ukuta, yamezaa hadi anagawa. Anasema ni mkono wake mzuri. Sijabisha.

Nimetoa sega moja. Moja tu, pembeni, jioni, kwa moshi na adabu. Asali nyeusi kidogo, nzito. Sikuwa na chupa safi. Fundi cherehani kanipa ile kubwa, bapa, ambayo mumewe huificha nyuma ya kabati na yeye hujifanya haioni. Nimeichemsha mpaka haina kumbukumbu.

Sista kalamba kidole. Kafumba macho. Kasema kidogo tena. Halafu kidogo tena. Mchovya asali hachovyi mara moja — waliosema hivyo walimjua mke wangu.

Nimefurahi mno, hadi naona haya. Tangu nistaafu nyumba hii ilikuwa imenizidi ukubwa. Siku hizi nikiamka najua naelekea wapi.

Alhamisi, 13 Machi

Habari mbaya. Mama mkwe anakuja wiki ijayo. Goti. Atakaa nasi miezi mitatu ili apate mazoezi hospitalini kwa Sista.

Sista hakuzunguka. Mama hawezi kukimbia, kasema, mzinga utoke. Nikasema nyuki hawana ugomvi na mtu aliyetulia. Akauliza kama sikio langu siku ile lilikuwa linacheza mpira. Tumevutana mpaka chai imepoa. Mwisho tumeafikiana: Mama aamue mwenyewe. Akikubali unabaki. Akikataa, bwana shamba atakuja kuuchukua, tena ameshaonyesha kuutamani.

Akikubali! Mama yule! Tangu nilipokwenda kuposa hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Kila neno linapitia kwa Sista. Mwambie mumeo chai hiyo hapo. Mwambie mumeo mvua inakuja. Nami nimekaa mbele yake, nalowa. Kama ni heshima ya mkwe au ni hasira ya kuchukuliwa binti, sijawahi kujua, na huwezi kumuuliza mtu asiyekusemesha.

Jioni Sista alimpigia. Mtandao mbovu, kwa hiyo alikuwa anapiga kelele, nimesikia kila kitu nikiwa kwenye vyombo. Tangu astaafu ni mzinga tu, Mama! Asubuhi mzinga, jioni mzinga! Nimemwambia achague moja, naona kaushika mzinga! Hapo simu ikakatika, kabla hajafika kwenye nyuki. Nikamwambia apige tena. Haina haja, kasema, Mama ameelewa.

Jumamosi, 15 Machi

Ameelewa, naam!

Asubuhi geti limegongwa kwa fimbo. Mama mkwe — siku kadhaa kabla ya wakati wake — na nyuma yake Mjomba wa mke wangu, suti, tai, uso wa msibani. Sista yuko zamu. Nami nimetoka bustanini: koti la mvua wazi, macho mekundu kwa moshi, kope moja imevimba kwa sababu nyuki mmoja aliniaga vibaya, na mkononi ile chupa bapa. Imejaa.

Mama kaitazama chupa. Kanitazama mimi. Karudi kwenye chupa.

"Umeona?" kamwambia Mjomba. "Tena asubuhi yote hii."

Nikasema karibuni, msiogope, uvimbe huu ni wa mzinga tu. Sasa ninapoandika ndipo nasikia nilichosema. Lugha nzima hii, yenye maneno ya kila kitu, nyumba ya nyuki na chupa kubwa ya pombe kali vimepewa neno moja! Lakini pale getini sikuunganisha. Nilidhani wameudhika kwa sababu sijanawa uso.

Kikao kikakaa sebuleni. Mjomba akafungua: mwanamume hustaafu kazi, hastaafu akili. Nikaitikia, maneno mazuri.

"Muulize ameanza lini," kasema Mama.

"Umeanza lini?"

"Mwisho wa Januari."

"Muulize mmoja unamtosha?"

"Kwa sasa unatosha. Nikizoea nitaongeza wa pili."

Mama kashika kichwa. "Muulize mwanangu anasemaje."

"Mwanzoni alikataa kabisa," nikasema, kwa fahari. "Sasa hivi ukimpa kidogo anataka tena."

Hapo Mama alimwita Mungu kwa sauti. Mjomba akainuka, akaichukua chupa kama askari achukuavyo kielelezo. Akafungua. Akanusa. Akachovya kidole. Akachovya tena. Akachovya mara ya tatu, nadhani kwa ajili ya uhakika.

"Dada," kasema, kwa sauti ya huzuni, "hii ni asali."

Aliyesikitika zaidi katika kikao kile alikuwa yeye.

Nikawaonyesha mzinga kwa mbali. Mama hakucheka, hakuomba radhi. Kasema kumwambia Mjomba: mwambie akaoshe uso. Sista aliporudi na kusikia, alicheka hadi kakaa chini jikoni na sare yake. Kisha kajifuta, kamuuliza mamaye rasmi: mzinga utoke au ubaki? Mama kasema hawezi kuhukumu kitu alichokiona siku moja. Atasema kabla ya Jumapili ijayo.

Jumatatu, 17 Machi

Mjomba ameondoka. Chupa pia.

Mama anakaa kwenye kibaraza cha nyuma akitoka mazoezini. Jana aliupa mzinga mgongo. Leo kiti kimegeuka kidogo. Sista hayupo, Mjomba hayupo, nikajua leo ni kimya mpaka jioni. Mara nasikia:

"Wengi vile wanalala wapi?"

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama paka. Nami nikamjibu paka: wanabanana, wanashikana miguu, wanapeana joto. Mama akamuuliza paka nani mkubwa wao. Nikamwambia paka ni mwanamke mmoja, mama wa wote, na hutoka nje kwa nadra sana. Mama akamwambia paka huo ni ufungwa, si umalkia. Paka akainuka akaondoka. Mazungumzo yakaishia hapo. Nimemnunulia dagaa, kesho abaki.

Alhamisi, 20 Machi

Foleni mlangoni mwa mzinga. Nyuki wametoka nje na kuning'inia kama ndevu. Joto, nadhani. Nimewaacha wapunge upepo.

Mama katembea hadi kwenye maboga, kwa fimbo, polepole. Kagonga moja kwa kidole, kainamisha sikio. Karudi. Hakuna neno, hata kwa paka.

Sista anasema Mama akinyamaza hivi jibu ni hapana, anamjua tangu tumboni. Amempigia bwana shamba awe tayari Jumapili na gari.

Nimekwenda bustanini nikakaa. Sitaki waondoke. Nimejaribu kuliandika kwa mzaha, limegoma. Sitaki waondoke.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika bustanini, daftari juu ya paja.

Alfajiri ilinyesha, kisha jua kali. Sista kaenda zamu. Mama alifunga ncha ya mwavuli wake kwenye tawi la mpera, umefunguliwa, ukauke. Akaweka kiti chini yake, akaanza kuchambua mboga. Mimi nilikuwa nainua boga moja nilitandikie majani. Tukasikia mlio.

Mzinga umemwagika! Wametoka kwa mpigo, wengine wanaangukia chini kwa haraka, wanainuka tena. Hapo ndipo nimeelewa ile foleni ya juzi. Nyumba imejaa, malkia mpya yuko njiani, malkia mzee anachukua nusu ya mji na kuhama. Na mimi, mwalimu wa udereva, nikaona barabara imeziba nisijiulize watu watapita wapi!

Bustani ikawa giza. Wakazunguka, wakazunguka, wakaanza kutua. Kwenye mpera. Kwenye mwavuli. Ndani ya mwavuli — fundo linakua, linashuka, kiganja kimoja juu ya kilemba cha Mama.

Hakuweza kukimbia. Kisu mkononi, sufuria mapajani, macho kwangu. Sista wa kupitia hayupo. Paka alikuwa ameshavuka ukuta zamani.

"Wewe," kasema. "Wewe, mwanangu. Nifanye nini?"

Sauti iliyonitoka sikuwa nimeitumia tangu nistaafu. Ni ile ya kumwambia mwanafunzi aliyezimikiwa gari juu ya reli.

"Mama, usiguse kitu. Weka kisu kwenye sufuria, taratibu. Mikono mapajani. Pumua kwa pua. Hawa hawajakasirika. Hawana nyumba, hawana watoto, hawana asali ya kulinda. Wamepumzika tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wapate pa kwenda."

Kafikiri kidogo, bila kuinua kichwa. "Kama mimi na goti langu," kasema.

Nikamwendea. Nikampa mkono. Akauegemea mzima mzima, tukatoka chini ya mwavuli kama watu wawili waliovaa viatu vipya. Hakuna aliyemgusa. Hata mmoja! Nilidhani ataomba aingie ndani. Kaomba kiti.

Fundi cherehani katokeza kichwa juu ya ukuta, kashika kopo la dawa ya mbu. Nipulize? Kabla sijafungua mdomo Mama alishamgeukia.

"Mwavuli ule ni wangu. Ole wako upulize kitu kwenye mwavuli wangu."

Kichwa kikashuka.

Basi hali ni hii. Nimelisafisha sanduku la zamani la vitabu, nimelipaka nta. Jua likipungua wanatulia, na hapo sanduku linakaa chini ya mwavuli, mtu mmoja anautikisa mara moja, kwa nguvu, mwingine anafunika. Malkia akianguka ndani, wote watamfuata. Asipoanguka — sijui. Kitabu kinasema jaribu tena. Kitabu hakina mama mkwe.

Nimesema nitamwita bwana shamba. Mama kasema bwana shamba yule anawataka wawe wake, asiitwe. Nimesema basi nitafanya peke yangu. Kauliza mkono wa kutikisa na mkono wa kufunika itatoka wapi. Amevaa koti langu la mvua na chandarua na glavu. Mimi nimebaki na shati. Nimemkumbusha goti. Kasema kazi ya kufunika haina goti.

Simu. Sista, kutoka wodini. Nimeweka sauti kubwa, maana glavu zinamshinda Mama. Anauliza mazoezi ya nyumbani yalikwendaje, amekula nini, na je, ameamua? Bwana shamba anataka jibu leo hii, kesho aje na gari au asije.

Mama kaiinamia simu, chandarua kimegusa kioo.

"Binti yangu, nitakupigia. Nina nyuki hapa."

Kanionyesha kwa kidole nikate. Nimekata. Kivuli cha ukuta kimefika kwenye mpera. Mwavuli umelemea tawi, unavuma kwa chini. Mama ameshika kifuniko kwa mikono miwili, anasema niache kuandika, nije nitikise, na nisitikise kama mtu anayeogopa —